Rufaa ya kesi ya ubakaji wa mtoto: kinachosomwa ni jalada

Kwenye rufaa, mtoto haitwi tena kutoa ushahidi. Daktari haitwi, mama haitwi, mpelelezi haitwi. Jaji anafungua jalada lililotoka mahakama ya chini na kusoma alichoandika hakimu: nani alisema nini, kielelezo kipi kilipokelewa, mshtakiwa aliuliza swali gani. Huo ndio mwenendo wa shauri, na humo ndimo mtu aliyefungwa miaka 30 anapoachiwa huru au anabaki gerezani Ukonga. Neno lililosemwa mahakamani bila kuandikwa, kwa rufaa ni kama halikusemwa.

Hapa ndipo familia zinapopotea, ya mfungwa na ya mtoto pia. Ya mfungwa hukusanya barua za wajumbe na majirani wanaomjua kuwa mtu mwema. Ya mtoto hudhani hukumu ikishasomwa Kinondoni au Temeke mambo yamekwisha. Barua zile hazina pa kuingilia, na mambo hayajaisha.

Tuanze na uzito wa adhabu, maana ndio unaofanya rufaa hizi ziwe nyingi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilibadilisha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kumuingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji, awe alikubali au hakukubali. Kwa mtu mzima adhabu haishuki chini ya miaka 30. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, hakimu hana hiari: ni kifungo cha maisha. Kulawiti mtu aliye chini ya miaka 18 nako ni maisha. Shambulio kubwa la kingono kwa mtoto, yaani tendo la kingono lisilofikia ubakaji, ni kati ya miaka 20 na 30. Kwa hiyo mtu anayekata rufaa kulalamika tu kwamba adhabu ni kali, wakati amepewa kima cha chini cha sheria, anapoteza muda wake na wa jaji. Kinachoweza kupiganiwa ni hatia yenyewe, au uhalali wa adhabu iliyotolewa.

Aliyekiri kosa ana mlango mwembamba zaidi. Haruhusiwi kupinga hatia, ila ukubwa au uhalali wa adhabu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na walakini: alijibu kwa maneno yenye utata, hakuelewa shtaka, au maelezo aliyosomewa hayakuunda kosa.

Siku 10, kisha siku 45

Kesi hizi husikilizwa kwanza na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Kwa Dar es Salaam ni Ilala, Kinondoni, Temeke, Kigamboni, Ubungo, au Kisutu. Rufaa inakwenda Mahakama Kuu, Kivukoni. Wakati mwingine Mahakama Kuu huihamishia kwa hakimu mkazi mwenye mamlaka ya nyongeza, naye anaisikiliza kwa uzito ule ule kana kwamba ni jaji. Mrufani asishtuke akiona amerudishwa Kisutu. Hajashushwa daraja.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka vitu viwili. Kwanza ni taarifa ya kusudio la kukata rufaa, ndani ya siku 10 tangu hukumu. Ni karatasi moja tu, haina haja ya sababu. Pili ni hati ya rufaa yenye sababu, ndani ya siku 45. Katika kuhesabu hizo siku 45, muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo unatolewa.

Tuchukue mfano. Hukumu imesomwa 3 Machi. Taarifa ya kusudio lazima iwe imefika ifikapo 13 Machi. Mfungwa ameomba nakala kwa barua 7 Machi, amezipata 20 Mei. Kuanzia 8 Machi hadi 20 Mei hakuhesabiwi. Siku nne, 4 hadi 7 Machi, zilikwishatumika, zimebaki 41, kwa hiyo mwisho ni 30 Juni. Anayehesabu siku 45 nzima kuanzia 20 Mei atajikuta amechelewa siku nne bila kujua. Ndiyo maana barua ya kuomba nakala iandikwe siku ile ile ya hukumu, na nakala yake yenye muhuri wa mapokezi itunzwe kama cheti cha kuzaliwa.

Aliye Ukonga, Keko au Segerea hatoki kwenda masijala. Anatia saini au dole gumba, anamkabidhi ofisa wa gereza, na mkuu wa gereza ndiye anayezipeleka mahakamani. Sheria inautambua utaratibu huo. Tatizo linakuja karatasi zinapokaa ofisini, au mfungwa anapohamishwa gereza siku ya tano. Hapo anaomba Mahakama Kuu imuongezee muda, kwa kiapo kinachoeleza kila kipindi cha kuchelewa. Akisema "nilihamishwa" au "niliwakabidhi askari mapema", kiapo cha ofisa wa gereza kinachothibitisha hivyo kina nguvu kuliko kurasa tatu za kulalamika. Familia imsaidie kukipata.

Msiidharau ile karatasi ya siku 10. Rufaa iliyosikilizwa Mahakama Kuu bila taarifa halali ya kusudio ni batili, na Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa Mahakama Kuu kwa sababu hiyo peke yake. Mtu anaweza kusubiri miaka, akafika juu, akarudishwa mwanzo.

Jaji anachotafuta kwenye kurasa

Rufaa ya kwanza inampa mrufani haki ambayo wengi hawajui wanayo: jaji anapaswa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake mwenyewe, akikumbuka tu kwamba yeye hakuwaona mashahidi wakiongea. Haishii kuangalia kama hakimu alikosea sheria. Ndiyo maana hatua hii ndiyo ya kuwekea nguvu.

Umri wa mtoto ndio mara nyingi jambo la kwanza. Umri ukiwa ndio unaofanya tendo liwe kosa, lazima uthibitishwe kwa ushahidi. Anaweza kuuthibitisha mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa. Umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka si ushahidi, ni madai. Na umri ambao hakimu ameuandika kando ya jina la shahidi kabla hajaanza kutoa ushahidi, nao haujathibitisha kitu. Inaumiza kuona shauri zito likidondoka kwa sababu mwendesha mashtaka hakumuuliza mama swali moja: "Mwanao alizaliwa lini?"

Halafu kuna ahadi. Mtoto asiyezidi miaka 14, kwa Sheria ya Ushahidi ilivyorekebishwa 2016, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aiahidi mahakama kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Kabla ya 2016 hakimu alikuwa anamhoji mtoto kupima akili yake na uelewa wake wa wajibu wa kusema kweli, na mashauri mengi yalianguka kwa mahojiano yaliyofanywa ovyo. Sasa Mahakama ya Rufani imeelekeza maswali mepesi: una umri gani, dini yako ni ipi, unajua maana ya kiapo, unaahidi kusema ukweli? Kwenye mwenendo inatakiwa isomeke hivi, au karibu na hivi:

"Nina miaka 8. Nasoma darasa la pili. Sijui maana ya kiapo. Naahidi kuiambia mahakama ukweli na sitasema uongo."

Mistari miwili. Ikikosekana, mrufani ana hoja nzito: ushahidi wa mtoto uko hatarini kufutwa, na ukifutwa mara nyingi hakuna kinachobaki. Katika miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani imelegeza kidogo. Imekubali kwamba kasoro ya ahadi haiui ushahidi moja kwa moja pale mahakama inaporidhika, kwa sababu ilizoziandika, kwamba mtoto alisema kweli tupu. Kwa maoni yetu huo ni mwelekeo sahihi. Mtoto hapaswi kubeba kosa la hakimu aliyesahau kuuliza. Ila hakimu naye aandike sababu zake. Maneno "nimemwamini shahidi wa kwanza" hayatoshi.

Maneno yenyewe ya mtoto huchunguzwa neno kwa neno. Kuingiliwa, hata kidogo, ndiko kunakoukamilisha ubakaji, kwa hiyo lazima kuthibitike. Hapa kuna mgongano wa malezi na sheria. Mtoto wa Kiswahili amefundishwa kutotaja sehemu za siri mbele ya watu wazima, hata kama shauri linasikilizwa faraghani kama sheria inavyotaka. Atasema "alinifanyia tabia mbaya", au atatumia jina la nyumbani. Mahakama ya Rufani imekwisha kukubali lugha hiyo ya staha, mradi maelezo yake yote yaonyeshe wazi kilichotokea. Pasipo uwazi huo jaji anaweza kutengua hatia ya ubakaji na kuweka ya kosa dogo zaidi, kama jaribio.

Msingi unaonukuliwa karibu kila rufaa ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2006: ushahidi bora wa ubakaji ni wa mwathirika mwenyewe. Sheria pia inaruhusu kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake bila kuungwa mkono, mahakama ikiridhika kwamba amesema kweli. Mahakama hiyo hiyo imeonya baadaye kwamba neno la mwathirika halipokelewi kama aya ya kitabu kitakatifu, linapimwa. Linapimwa kwa nini? Kwa mfululizo wake: alilomwambia mama siku ile, alilomwambia polisi wa dawati la jinsia, na alilosema mahakamani. Na kwa haraka ya kumtaja mtu. Kumtaja mtuhumiwa mapema kunaimarisha ushahidi. Kuchelewa kunaudhoofisha, isipokuwa kuna maelezo, na kwa mtoto maelezo mara nyingi yapo: alitishiwa, au aliyemfanyia ndiye anayemlisha.

PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika alichokiona alipompima mtoto, ina mitego yake. Fomu hiyo ikitolewa kama kielelezo, mshtakiwa anaulizwa kama ana pingamizi. Hakimu anaipokea, anaipa alama, kisha lazima isomwe kwa sauti mahakamani. Mshtakiwa pia ana haki ya kuelezwa kwamba anaweza kutaka daktari aliyeijaza aitwe. Tafuta kwenye mwenendo sentensi inayosema kielelezo kimesomwa. Isipokuwepo, fomu itaondolewa kwenye kumbukumbu. Lakini ndugu wa mfungwa wasishangilie mapema. Kama daktari alikuja mwenyewe akaeleza kwa mdomo alichokiona, maelezo yake yanabaki hata karatasi ikiondoka. Na hata bila daktari kabisa, neno la mtoto linaweza kutosha. Vivyo hivyo kwa vinasaba: watu hung'ang'ania kwamba bila kipimo hicho hakuna kesi, wakati Mahakama ya Rufani imeshasema si sharti la sheria.

Hati ya mashtaka nayo isomwe upya. Kifungu kilichokosewa kwa bahati mbaya, siku hizi, mara nyingi hakimuokoi mrufani kama maelezo ya kosa yalimuwezesha kuelewa anashtakiwa nini na kujitetea. Tarehe ni hadithi nyingine. Hati ikisema tukio lilikuwa Juni, mashahidi wakasema Agosti, na upande wa mashtaka haukuomba kuirekebisha hati, shtaka linakuwa halijathibitishwa.

Lipo kosa moja ambalo mrufani hulifanya mwenyewe na haliponyeki. Utetezi unaosikika sana ni kubambikiwa: ugomvi wa kiwanja, deni, wivu wa mama wa mtoto. Huenda ni kweli. Lakini mama alipotoa ushahidi, je, aliulizwa? Kanuni ni kwamba shahidi asipohojiwa juu ya jambo muhimu, anachukuliwa kuwa amekubaliwa kwa jambo hilo. Mshtakiwa asiye na wakili anaambiwa "muulize shahidi maswali", anajibu "sina swali", na sentensi hiyo ya maneno mawili inamfuata hadi Mahakama ya Rufani. Chuki inayotajwa mara ya kwanza kwenye utetezi, au mbaya zaidi kwenye rufaa, inaonekana imetungwa.

Kuhusu kuandika sababu: kuna hati za rufaa gerezani zinazonakiliwa kutoka kwa mfungwa hadi mfungwa, sababu kumi na mbili zile zile, nyingine zikizungumzia kielelezo ambacho kwenye shauri husika hakikuwepo. Sababu tatu zilizotoka kwenye ukurasa halisi wa mwenendo zina uzito kuliko hizo. Wasaidizi wa kisheria hufika magerezani, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa asiye na uwezo haki ya kuomba wakili. Jihadharini na vishoka wanaozunguka nje ya mahakama. Jina la wakili wa kweli linathibitishwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujatoa hata shilingi.

Namba za vifungu pia zitazamwe vizuri. Toleo la sheria la 2023 lilianza kutumika 1 Julai 2025 na baadhi ya namba zimesogea, wakati hukumu nyingi na hati za gerezani bado zina za zamani. Hilo haliiui rufaa, ila humchanganya anayejitafutia sheria mwenyewe.

Rufaa inavyoweza kuisha

Mahakama inaweza kuitupa rufaa. Inaweza kutengua hatia na kuamuru mtu aachiwe, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Inaweza kubadilisha kosa. Na inaweza kupandisha adhabu: kama mtoto alithibitika kuwa chini ya miaka 10 na hakimu akatoa miaka 30, Mahakama Kuu, baada ya kumpa mrufani nafasi ya kusikilizwa, inaweza kuifanya kifungo cha maisha. Mtu ameingia akitafuta nafuu akatoka na zaidi. Anayemshauri mfungwa na hamwambii hili anamdhulumu.

Upo pia mwisho wa tano, mgumu kwa kila mtu: shauri kuanza upya. Tangu uamuzi wa 1966 wa iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kanuni ni kwamba hilo linaamriwa pale tu kesi ya kwanza ilipokuwa batili au na kasoro kubwa ya kiutaratibu, na si kuwapa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wao. Kwa mfungwa maana yake ni kurudi mahabusu; kwa kawaida mahakama huelekeza kwamba akitiwa hatiani tena, muda aliokwishakutumikia uhesabiwe. Kwa mtoto maana yake ni kusimama tena, akiwa na miaka 13, kueleza yaliyompata akiwa na 8. Kila hakimu anayeruka ule mstari wa ahadi angepaswa kuifikiria siku hiyo.

Dhamana wakati wa kusubiri rufaa ipo kisheria, ila kwa makosa haya hupatikana kwa nadra sana. Mrufani lazima aonyeshe sababu zisizo za kawaida, na afya mbaya au familia kubwa peke yake hazitoshi.

Akishindwa Mahakama Kuu, anayo Mahakama ya Rufani. Taarifa ya rufaa inawasilishwa ndani ya siku 30. Huko kazi inabadilika. Rufaa ya pili ni ya hoja za sheria. Mahakama haigusi kirahisi matokeo ya ushahidi ambayo mahakama mbili za chini zimekubaliana, isipokuwa pale zilipousoma ushahidi vibaya. Sababu mpya ya ushahidi ambayo haikutajwa Mahakama Kuu haitasikilizwa. Baada ya hapo yapo mapitio tu, ndani ya siku 60, kwa sababu chache sana kama kosa la wazi lililo usoni mwa kumbukumbu, au kunyimwa haki ya kusikilizwa.

Wakazi wa Dar wanaikumbuka kesi ya mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na wanawe. Walitiwa hatiani Kisutu 2004 kwa makosa dhidi ya watoto wa shule. Mahakama Kuu ilikataa rufaa 2005. Februari 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wawili kati ya wanawe, ikathibitisha hatia ya baba na ya mwanawe Papii Kocha. Mapitio yalikataliwa 2013. Waliachiwa kwa msamaha wa Rais Magufuli 9 Desemba 2017, na Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya Arusha ikaona baadhi ya haki zao za kujitetea zilikiukwa. Wengi mtaani huchanganya hatua hizi. Walioachiwa 2010 walishinda rufaa. Walioachiwa 2017 walisamehewa, na hakuna mahakama ya nchini iliyotengua hatia yao. Njia ya Arusha kwa mtu binafsi ilifungwa pale Tanzania ilipojiondoa kwenye tamko la kuiruhusu. Kujiondoa huko kulianza kufanya kazi Novemba 2020.

Kwa familia ya mtoto

Ninyi si upande kwenye rufaa. Upande ni Jamhuri, kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na wakili wa serikali anaweza hata kusema haungi mkono hatia, ingawa jaji bado ataamua mwenyewe. Waulizeni mawakili wa serikali tarehe ya kusikilizwa. Mna haki ya kujua.

Watakuja watu kutaka "kumalizana". Barua ya kusamehe haifuti hatia. Kiapo cha mtoto kinachosema "nilidanganya", kilichoandikwa baada ya hukumu, hakiingii kwenye jalada bila mahakama kuruhusu ushahidi wa nyongeza, na kununua kiapo cha namna hiyo ni kosa la jinai kwa mnunuzi na muuzaji. Jina na picha ya mtoto visiwekwe kwenye status wala kwenye magrupu, hata kwa nia ya kudai haki.

Na kama mshtakiwa aliachiwa huru mahakama ya chini, ninyi hamwezi kukata rufaa, Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza. Taarifa yake ya kusudio inatakiwa ndani ya siku 30. Kwa hiyo wiki ile ile ya hukumu andikeni barua kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa, mtaje namba ya shauri, mahakama, jina la hakimu na tarehe ya hukumu, na mgongewe muhuri wa mapokezi kwenye nakala yenu.